UZI: Daftari la shukrani kwa vijana wa miaka 13–17, lifanyweje lisigeuke adhabu nyingine ya shule?

#1 Kalamu_Nyekundu

Heshima kwenu wakuu.

Walimu wengi wa malezi wanaanzisha daftari la shukrani: kila asubuhi mwanafunzi anaandika mambo matano anayoyashukuru. Wiki ya kwanza darasa linachangamka. Ikifika ya tatu, daftari zote arobaini zinasema kitu kimoja: uhai, wazazi, afya, marafiki, shule. Wengine wanaandika ya wiki nzima Jumatatu ili wapumzike.

Naomba wajuzi wa jambo hili watuwekee utaratibu. Mahubiri tunayo ya kutosha. Maswali yangu:

1. Kuna ushahidi gani kwamba linasaidia vijana, sio watu wazima?
2. Lifanywe mara ngapi, na kwa muda gani?
3. Nani asome kilichoandikwa?
4. Nani asifanyishwe kabisa?

#2 Bint_Saikolojia

Mwalimu, hiyo "kila asubuhi, mambo matano" ina historia yake, na ukiijua utaona kosa lilipoingilia.

Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha utafiti ambao ndio uliolipa zoezi hili umaarufu. Washiriki waliandika hadi mambo matano ya kushukuru. Katika jaribio la kwanza, lililofanywa kwa wanafunzi wa chuo, waliandika mara moja tu kwa wiki, kwa wiki 10. Mwaka 2008 Jeffrey Froh na wenzake wakalipeleka kwa wanafunzi 221 wa darasa la sita na la saba nchini Marekani. Hao waliandika kila siku, lakini kwa wiki mbili tu. Shule zikachukua "kila siku" zikaacha "wiki mbili". Ukimfanyisha kijana kila siku kwa muhula mzima, unafanya kitu ambacho utafiti ule haukukijaribu.

Kuhusu mara ngapi, Sonja Lyubomirsky na wenzake walilinganisha wanaoandika mara moja kwa wiki na wanaoandika mara tatu, kwa wiki sita. Wa mara moja ndio walioongezeka furaha. Washiriki walikuwa wanafunzi wa chuo, kwa hiyo sitasema ni sheria kwa mtoto wa miaka 13, ila inakubaliana na yanayoonekana madarasani: jambo likirudiwa mno akili inalizoea, mkono unaandika na moyo haupo.

Pendekezo langu ni mara moja kwa wiki, wiki nne hadi sita, kisha lisimame. Ndiyo, lisimame. Ukitaka lirudi muhula ujao ukiwa na sura tofauti.

Ila tatizo kubwa kuliko ratiba ni agizo lenyewe. Ukimwambia kijana "andika mambo unayoyashukuru", atakupa orodha. Orodha haimlazimishi kufikiri. Shukrani inawaka pale anapotambua kwamba mtu fulani alifanya jambo kwa kukusudia, likamgharimu, na yeye akafaidika. Froh na wenzake walitengeneza masomo juu ya mambo hayo matatu kwa watoto wa miaka 8 hadi 11 na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Watoto waliofundishwa kupima kusudi, gharama na faida waliongezeka shukrani. Kwa wa sekondari huenda yakafaa zaidi, maana kijana wa umri huo anaweza kuona dunia kwa macho ya mwenzake vizuri kuliko mtoto.

Kwa hiyo kila jambo analoandika lijibu maswali matatu:

- Nani alifanya, na alikusudia nini?
- Kilimgharimu nini (muda, usingizi, fedha, aibu, nafasi ya kucheza)?
- Kwangu kilibadilisha nini?

Onyesha mfano ubaoni. Jibu dhaifu: "Nashukuru kuwa na marafiki." Jibu zuri: "Nilipokosa kipindi cha hesabu Jumanne, jirani yangu wa dawati alininakilia kurasa nne kwa mkono wakati wa mapumziko, na wenzake walikuwa uwanjani. Bila hizo kurasa nisingeelewa swali hata moja la Alhamisi."

Mambo mawili ya namna hiyo yanatosha kwa kikao kimoja. Matano ni mengi. La tatu kwenda mbele ni la kujazia.

#3 Takwimu_Kwanza

Dada Bint ameeleza vizuri, lakini kabla watu hawajachapisha daftari elfu moja naomba tuangalie upande wa pili.

Ule utafiti wa 2008 ulikuwa na makundi matatu: wanaoandika ya kushukuru, wanaoandika kero, na wale wa kawaida waliojaza vipimo tu bila zoezi. Ukimlinganisha kijana anayeandika shukrani na yule anayeandika kero kila siku kwa wiki mbili, unategemea nini? Huyo wa kero umemchosha mwenyewe. Tofauti za hisia mbaya zilionekana hasa dhidi ya kundi la kero. Lililosimama vizuri zaidi ni kuridhika na shule, na hilo lilikuwepo hata wiki tatu baada ya zoezi kwisha. Alex Wood, Froh na Adam Geraghty walilisema wazi suala hili la kundi la ulinganisho katika mapitio yao ya 2010. Kwa hiyo mtu akikuletea asilimia za kuvutia, swali la kwanza liwe: ikilinganishwa na nani?

Halafu mwaka 2016 Tyler Renshaw na Rachel Olinger Steeves walikusanya tafiti za shukrani kwa vijana na shuleni. Shukrani kama tabia ilihusiana kwa kiasi cha wastani na ustawi, lakini mazoezi ya kuiongeza kwa ujumla hayakuonyesha nguvu. Na mwaka 2021 David Cregg na Jennifer Cheavens walichambua tafiti za mazoezi haya kwa dalili za sonona na wasiwasi: athari ipo, ni ndogo, na wakashauri mwenye dalili hizo atafute tiba nyingine yenye nguvu zaidi.

Kwamba mtu mwenye shukrani ana furaha haina maana kwamba ukimwandikisha shukrani atapata furaha. Huenda furaha yake ndiyo inayomwezesha kushukuru, au nyumba yenye amani inazaa vyote viwili.

#4 Kalamu_Nyekundu

Sasa mkuu Takwimu, unasema tuache?

#5 Takwimu_Kwanza

Hapana. Nasema liuzwe kwa bei yake: zoezi la dakika kumi, la gharama ndogo, linaloweza kumsogeza kijana kidogo. Lisipewe kazi ya tiba.

#6 Bint_Saikolojia

Sina ugomvi na #3. Naongeza kwamba wastani mdogo unaficha tofauti kati ya vijana. Utafiti wa Froh wa 2009, wenye washiriki 89 wa miaka 8 hadi 19, ulitumia barua ya shukrani inayosomwa kwa mhusika. Waliofaidika ni wale walioanza wakiwa na hisia njema chache. Wao ndio walioonyesha tofauti hata miezi miwili baadaye. Aliyeanza akiwa amejaa furaha hana pa kupanda.

Lakini hisia njema chache si sawa na kuwa mgonjwa, wala si sawa na kuwa kwenye nyumba ya mateso. Hapo namwachia Mshauri.

#7 MshauriNasaha

Asante dada. Naanza na swali la nne la mwalimu kwa kuwa ndilo lenye madhara likikosewa.

Usimfanyishe zoezi hili, au mpe zoezi mbadala bila kumtangaza mbele ya darasa:

*Kijana anayedhulumiwa na mtu anayemtegemea.* Huyu tayari anaambiwa nyumbani kwamba hana shukrani. Ukimtaka aandike wema wa mlezi, unamsaidia mdhalimu. Kwake ujumbe wa daftari unasomeka hivi: vumilia, umelishwa.

*Aliyefiwa karibuni.* Baadaye anaweza kuandika juu ya marehemu na ikamfaa, lakini wakati auchague yeye.

*Mwenye dalili za sonona.* Moyo mzito au kutopendezwa na chochote kwa wiki mbili mfululizo, usingizi na hamu ya kula kuvurugika, kujiona hana thamani. Kijana huyu akiambiwa ataje mazuri na asiyahisi, anahitimisha kwamba kasoro ni yake: "Nina kila kitu na bado sina furaha." Mpeleke kwa mtaalamu. Akitaja kutaka kujidhuru au kufa, ni siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mmoja kati ya kila vijana saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Katika darasa la arobaini, tegemea watano au sita. Huwezi kupanga zoezi kana kwamba hawamo.

Mbadala usio na lawama: kwa dakika hizo hizo wote wana ruhusa ya kuchagua kati ya maelekezo matatu yaliyo ubaoni: (a) mtu aliyenitendea jema wiki hii, (b) jambo lililonivutia au nililojifunza, (c) eleza siku yako ya jana tangu asubuhi. Hakuna anayejua nani kachagua nini, na hakuna anayelazimika kujitenga.

Sasa swali la tatu. Mwalimu asisome. Akisoma, vijana wataandika kinachompendeza mwalimu, na mwenye siri ataificha. Pia asisahihishe herufi, asitoe alama, asipige muhuri wa "nzuri sana", asichague ya kusomwa mbele. Kusoma kwa sauti kunaua zoezi kuliko kitu chochote, kwa sababu kijana wa miaka 14 anawaandikia wenzake thelathini na tisa, hajiandikii mwenyewe.

Lakini usifunge mlango. Tumia ukurasa uliokunjwa: anayetaka mwalimu asome anakunja ukurasa kwa urefu na kuacha daftari kwenye sanduku. Siku ya kwanza, kabla hawajaandika neno, waambie wazi: "Ukurasa uliokunjwa nitausoma. Nikiona kuna hatari kwa maisha yako au mtu anakuumiza, sitanyamaza. Nitamshirikisha mtu mzima anayehusika na ulinzi wa watoto, na nitakwambia kwanza." Usiahidi siri kamili. Ahadi hiyo utaivunja, na ukiivunja hutaaminiwa tena.

Jambo la mwisho, kulinganisha na walio chini. "Wapo wasio na hata viatu, wewe unalalamika nini?" Hiyo inazaa aibu na kumfunga kijana mdomo. Na kama aliye dawati la nyuma ndiye huyo asiye na viatu, umemfanya mfano wa darasa.

#8 Mama_Wawili

Wakuu, mbona mmekaa shuleni tu? Na sisi wazazi? Kijana wa miaka 15 ukimuuliza mezani "leo umeshukuru nini" anakutazama kama umemtukana.

#9 Bint_Saikolojia

Mama, hilo swali lina mtego na yeye ameuona: jibu sahihi linajulikana, na linamhusu anayeuliza.

Andrea Hussong na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina wanaigawa shukrani katika sehemu nne: kugundua ulichopewa, kufikiri kwa nini umepewa, kuhisi, na kutenda. Wazazi wengi tunakimbilia ya nne: "Sema asante!" Mtoto anasema. Sehemu tatu za kwanza hazikuguswa.

Kwa hiyo rudi nyuma. Akipokea kitu au msaada kutoka kwa mtu mwingine (anza na asiyekuwa wewe), uliza moja tu kati ya haya, kisha nyamaza: "Unadhani kwa nini alifanya hivyo?" au "Ulijisikiaje alipokuja?" Swali moja. Ukiuliza yote mawili inakuwa mahojiano ya polisi.

La pili, mshukuru yeye, na iwe mahususi. "Asante kwa kumsaidia mdogo wako zoezi la sayansi, najua ulikuwa umeshakaa na simu yako" ina kusudi, gharama na faida ndani ya sentensi moja. Kijana anajifunza umbo la shukrani kwa kuipokea.

La tatu, usitumie shukrani kama fimbo. Kila ugomvi ukiishia "baada ya yote niliyokufanyia" au "fadhila ya punda ni mateke", unamfundisha kwamba kushukuru ni kukiri deni na kushindwa hoja. Mzozo wa simu au saa ya kurudi nyumbani umalizwe kama mzozo wa simu au saa ya kurudi nyumbani.

Na usishtuke akipunguza maneno. Tangu 1938 Franziska Baumgarten-Tramer wa Uswisi alipowauliza watoto wangemfanyia nini mtu ambaye angewatimizia haja yao kubwa kuliko zote, majibu yalitofautiana: kusema asante, kulipa kitu kwa kitu, kujenga uhusiano na kumjali mtoaji. Kijana anayekuwashia taa ya nje bila kuambiwa, kwa sababu unachelewa kazini, huenda ameshakushukuru.

#10 Mzee_wa_Mitaala

Naongeza barua, kwa sababu imetajwa na haijaelezwa. Ndiyo yenye nguvu kuliko daftari, na ndiyo rahisi kuharibu.

Katika utafiti wa Martin Seligman na wenzake wa 2005, kumwandikia na kumpelekea barua mtu ambaye hukuwahi kumshukuru ipasavyo kuliinua furaha kuliko mazoezi mengine yote waliyoyajaribu, lakini baada ya mwezi nguvu ilianza kuisha, na miezi mitatu haikuonekana tena. Kwa hiyo isiwe zoezi la kila wiki. Moja kwa muhula inatosha.

Vikao viwili vya dakika 20. Cha kwanza ni kumchagua mtu na kuandika rasimu. Mtu awe hai, anafikika, na kijana hamwogopi. Asiwe yule anayempenda kimapenzi. Barua hiyo itakuwa na kazi nyingine. Cha pili ni kuandika upya, maneno 200 hadi 300, kwa mpangilio huu: ulifanya nini na lini, najua kilikugharimu nini, wakati ule mimi nilikuwa katika hali gani, leo kimenifikisha wapi. Ifungwe hapo, bila "nitakulipa" wala "nakuahidi". Kristin Layous, Lyubomirsky na wenzao waliona kuwa barua za shukrani huchanganyika na hisia za hatia na kudaiwa, na mstari wa ahadi huenda ukazichochea zaidi.

Kupeleka ni hiari. Anayepeleka aisome mwenyewe uso kwa uso, na asimwambie mhusika mapema ni ya nini. Vijana wataogopa aibu, na hofu hiyo huzidi hali halisi: Amit Kumar na Nicholas Epley walionyesha mwaka 2018 kwamba waandishi wa barua hizi hukadiria kupita kiasi jinsi mpokeaji atakavyoona haya, na hukadiria chini jinsi atakavyofurahi. Waambie hivyo, halafu waache waamue.

Kosa kubwa la shule ni kuandikisha darasa zima barua kwa walimu, siku ya hafla ya walimu. Hizo ni salamu, na kila mtu anajua.

#11 Takwimu_Kwanza

Mtapima au mtakisia? Kipimo cha shukrani kilichozoeleka (GQ-6) kina sentensi sita, kila moja inajibiwa 1 hadi 7. Ya tatu na ya sita zimegeuzwa, kwa hiyo toa jibu kwenye 8 kabla ya kujumlisha: aliyejibu 2 anapata 6. Watu wanasahau hapo kila mara, kisha wanashangaa alama hazieleweki.

Kwa vijana ondoeni ya sita, inayohusu muda mrefu kupita bila kuhisi shukrani. Froh na wenzake walipokipima kipimo hiki kwa vijana 1,405 wa miaka 10 hadi 19, sentensi hiyo haikuendana na nyingine. Ni dhana ngumu kwa umri huo. Zinabaki tano, jumla ni kati ya 5 na 35.

Ongezeni swali moja la kuridhika na shule na moja la kuridhika na maisha. Pimeni kabla, mwishoni, na mwezi mmoja baadaye, kwa namba za siri badala ya majina. Msipime wiki ya mitihani wala siku ya kufunga shule. Mkiweza, darasa moja lianze zoezi muhula huu na jingine muhula ujao. Hapo mtakuwa na kundi la ulinganisho bila kumnyima mtu.

#12 Kalamu_Nyekundu

Shukrani wakuu. Nimeunganisha hivi, nirekebisheni:

Wiki ya 1: kupima (dakika 10) na somo la kusudi, gharama, faida (dakika 40).
Wiki ya 2–5: kuandika mara moja, Ijumaa kipindi cha mwisho, dakika 10, mambo mawili, maelekezo matatu ya kuchagua.
Wiki ya 6: barua, vikao viwili.
Wiki ya 7: kupima tena.
Wiki ya 11: kupima mara ya tatu.

#13 MshauriNasaha

Ijumaa kipindi cha mwisho ondoa. Akili zimeshatoka getini, na aliyekunja ukurasa atasubiri hadi Jumatatu. Weka Jumanne au Jumatano, na sanduku lifunguliwe siku hiyo hiyo.

#14 Bint_Saikolojia

Na wiki ya 4 badilisha agizo, hapo ndipo uchovu unapoingia. Badala ya "nini kilitokea", waandike namna jambo jema moja lingeweza kutotokea kabisa: kama usingekaa dawati lile, kama basi lisingechelewa, mngejuana? Minkyung Koo na wenzake walijaribu njia hii kwa watu wazima mwaka 2008, na kufikiria jambo jema halikutokea kuliinua hisia kuliko kulisimulia tu. Aliyefiwa asipewe agizo hilo. Mwachie (b) au (c).

#15 Mama_Wawili

Je, wakiandikia kwenye simu?

#16 Mzee_wa_Mitaala

Karatasi. Kwenye simu arifa moja inatosha kukata wazo, na ujumbe unapigwa picha na kusambazwa kabla hajamaliza sentensi. Anayeshindwa kuandika kwa mkono kwa sababu za kiafya apewe kinasa sauti au kompyuta isiyo na intaneti.

#17 Kalamu_Nyekundu

Nimebadilisha Ijumaa kuwa Jumatano, na wiki ya 4 nimeweka agizo jipya. Limebaki moja: daftari zikiisha zinakwenda wapi? Uongozi unataka zihifadhiwe ofisini kama ushahidi wa programu.

#18 MshauriNasaha

Ushahidi ni zile alama za namba za siri alizoeleza Takwimu. Daftari ni za wanafunzi: wazipeleke nyumbani au wazichane, na waambiwe hivyo tangu wiki ya 1, maana kijana akijua kuna kabati ofisini linalozisubiri, ataandika uhai, wazazi na afya.